Kikohozi cha Kasuku

Kila anayeipenda Filamu ya Taa atakuhadithia habari ya kikohozi. Mtu kasahau majina ya waigizaji wote, kasahau treni la baba lilikwama wapi na kwa nini, lakini kikohozi anacho, na akipewa nafasi atakiigiza hapo hapo mezani mpaka apaliwe na chai. Ni sinema ya zamani, ya mbali, haina rangi, theluji inaanguka tangu mwanzo mpaka mwisho. Usiku wa kuamkia Krismasi mtoto yuko kitandani, homa imembana. Mama yake anataka kuzima taa ya dirishani kwa sababu mafuta yanakwisha. Mtoto anasema, "Mama, usizime taa. Baba hataiona nyumba." Kisha anageuka, anauzika uso kwenye mto, anakohoa. Baada ya hapo kengele za kanisa zinalia, baba anaingia na theluji mabegani, mtoto anapona, watu wanakula na kukumbatiana. Mwisho wake mtamu mpaka unakera. Lakini kile kikohozi kilikuwa kinawaliza wanaume wenye ndevu zao, na miaka yote neno lilikuwa moja tu: huo ndio uigizaji.

Waliosema hivyo hawakukosea sana. Walikosea mtu. Yule mtoto wa kwenye picha hakuna aliyewahi kumsikia kwa Kiswahili. Waliyekuwa wakimsikia ni mtoto mwingine kabisa, aliyesimama juu ya kreti la soda ili mdomo wake uifikie maiki, kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro ukutani, ndani ya fulana ya kaka wa jirani. Nyumbani walimwita Kasuku, maana hakuna alichoshindwa kuigiza. Alikuwa anaigiza mlango wao ulivyolia, anaigiza mwalimu mkuu akitafuta miwani iliyo usoni pake, anaigiza majirani wakigombana, mume kwa sauti yake na mke kwa sauti yake, mpaka siku moja yule mke akatoka nje kuuliza nani anamwiga. Mama yake ndiye aliyeingiza sauti ya mama kwenye filamu ile. Siku hizi pale studio wanamwita Bibi Sauti, na hakuna aliyebaki anayejua kwamba zamani aliitwa Mama Kasuku.

Kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni ina taratibu zake, na mtoto alikuwa na utaratibu wake peke yake. Mtoto hawezi kusoma karatasi huku anatazama midomo kwenye skrini. Kwa hiyo mama alisimama nyuma yake, mkono begani. Akimgusa mara moja, mdomo wa kwenye picha unafunguka, sema. Akimgusa mara mbili mwishoni, umeweza. Kusema kwa mdomo haikuwezekana, taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka hata pumzi unaivuta kwa heshima. Na zamani hizo kipande kilirekodiwa kwa mkupuo mmoja, kichwa mpaka mkia. Ukiteleza mkiani, unarudi kichwani. Hapakuwa na habari ya kukatakata na kuunga.

Siku ya kipande cha kitanda Kasuku alikuwa na kifua. Mama yake alifikiria kumwacha nyumbani, akaona ni mafua tu, na tena studio imeshakodiwa na watu wanasubiri. Mtoto akapanda kreti lake. Akaguswa, akasema maneno yake, safi. Akaguswa tena, akakohoa. Kilitoka kikohozi ambacho hakuna aliyemfundisha, cha chini, kikamtikisa mpaka mama yake akakisikia kwenye kiganja. Kisha, taa nyekundu ingali inawaka, akageuza kichwa kidogo na kunong'ona, "Nimeweza, mama?" Mama yake akamgusa mara mbili.

Mkuu wa studio wa wakati ule alikuwa mzee mgumu, mtu ambaye kumsifia mwenzake ni kama kung'olewa jino. Alitoka nyuma ya kioo anapiga makofi. Alisema amefanya kazi hii tangu ujana na hajasikia kitu kama hicho, hairudiwi, hiyo hiyo. Fundi akamkumbusha kwamba mtoto amenong'ona mwishoni. Mzee akasema iache, kengele zitaifunika. Wote mle ndani walikuwa watu wa masikio, watu wa kutambua kiti kimesogezwa chumba cha pili. Wakasikia kifua cha mtoto kinavyopasuka, wakaona kipaji.

Njiani kurudi nyumbani Kasuku aliuona uso wa mama yake, akamshika mkono. "Sikukohoa kweli, mama," akamwambia. "Niliigiza." Akamkonyeza. Mama yake akayachukua maneno hayo kwa mikono miwili, kwa sababu ndiyo aliyoyataka. Kilichofuata kilikuwa dawa ya chupa, kisha foleni ya zahanati, kisha wodi. Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Krismasi ile ile, kitanda cha Kasuku kilikuwa kimeshatandikwa na hakilaliwi. Baba yake aliposikia sauti imetoka kwenye televisheni alinyanyuka, akaenda kusimama uani, akakaa huko mpaka kengele zilipokwisha. Hakuitazama tena mpaka alipofariki.

Yeye mama aliitazama kila mwaka. Wengine walingoja kikohozi. Bibi Sauti alingoja kinachofuata. Alikuwa anavuta kiti mpaka karibu, anaweka sikio kwenye spika kama mtu anayesikiliza ukuta, na chini ya kengele, ndani kabisa, ilikuwemo: nimeweza, mama? Hakuna mwingine duniani aliyekumbuka kwamba imo. Picha za Kasuku alikuwa nazo, mbili, na zote amefumba macho. Sauti yake ilikuwa hapo tu.

Utauliza, na mimi nimeuliza, kwa nini hakuwaambia watu wa studio waliokuja baadaye kwamba yule mtoto ni wake. Jibu si zuri. Watu walipokuwa wakimsifia mtoto yule mbele yake, moyo wake ulikuwa unavimba kama wa mama yeyote. Mwanawe alikuwa mwigizaji, tena bingwa. Akisema tu kwamba alikufa kwa kifua kile kile, mwigizaji anaondoka, anabaki mgonjwa aliyesimamishwa juu ya kreti. Na swali la pili linakuja lenyewe: nani alimsimamisha? Basi akafunga mdomo. Mkonyezo wa njiani ndio aliokuwa akiutegemea.

Halafu kituo cha televisheni kikaacha kuionyesha. Krismasi ya kwanza alidhani wamesahau. Ya pili akapiga simu, akaambiwa kanda imechakaa. Miaka ikapita bila kumsikia mwanawe, na alianza kuogopa kwamba ile sauti anayoikumbuka si yake tena, kwamba kichwa chake kinaitengeneza upya kila mara na kuikosea kidogo kidogo.

Ndipo mkurugenzi wa studio akamwita. Kijana mwenye adabu, miwani kubwa, anapenda sinema za zamani kupita umri wake. Akamkalisha, akampa maji, akammwagia sifa. Picha ya filamu, alisema, imepatikana huko ilikotengenezwa, safi kama ya jana. Tatizo ni sauti za Kiswahili. Kanda ni moja tu na imeoza. Kila ikipita kwenye mashine inaacha unga mweusi, na fundi amekula kiapo kwamba imebakiza safari moja. Kwa hiyo wataingiza sauti mpya. Wamempata mtoto wa kike, ana kipaji cha kutisha, ila anahitaji mtu wa kumsimamia.

"Hasa kipande cha kitanda," alisema. "Bila kile kikohozi watu watatuchoma moto. Binti akiweza, kanda tunaiacha ilale. Akishindwa, tutaipitisha ile safari yake ya mwisho, tuchukue cha zamani."

Bibi Sauti alikunywa maji yote yaliyokuwa kwenye glasi. Angeweza kusema hapo hapo. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Lakini kijana alikuwa ameshaanza tena kuusifia uigizaji wa yule mtoto wa zamani, jinsi alivyoijua pumzi, jinsi alivyojizuia kutia chumvi, na kwenye macho yake Kasuku alikuwa bingwa. Akalimeza neno. Alijiambia hana haja ya kusema. Binti akishindwa, yote yatarudi.

Walimwita Pengo, kwa sababu ya meno ya mbele. Alikuja na mama yake, mfanyakazi wa kufua nguo za hoteli, ambaye alikaa kwenye benchi la nje na mkoba mapajani kama aliyepeleka mtoto hospitali. Pengo mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Alimwamkia bibi vizuri, akaomba kuonyeshwa maiki, akauliza kama yule mtoto wa zamani naye alikuwa anasimama juu ya kitu. Bibi Sauti akamwambia kreti. Pengo akaomba kreti. Likatafutwa, likaletwa.

Na alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Maneno alikuwa ameshayakariri nyumbani. Mkono wa bibi ulipokuwa unajiandaa kumgusa, yeye ameshauona mdomo unafunguka na ameshasema. "Mama, usizime taa. Baba hataiona nyumba." Mkurugenzi nyuma ya kioo akashika kichwa kwa furaha. Bibi Sauti akaushusha mkono. Kwenye maneno hakuna alichoweza kuharibu.

Lakini kwenye kikohozi mtoto wa kwenye picha amezika uso. Mdomo hauonekani, mabega tu ndiyo yanaruka. Hapo Pengo alihitaji mkono, na mkono akapewa. Bibi Sauti akamgusa akiwa amechelewa. Kidogo tu, kiasi cha kufumba jicho. Mabega kwenye skrini yakaruka kwanza, kikohozi kikafuata baadaye. Wakarudia. Akamgusa mapema. Wakarudia. Pengo alikuwa anamwamini kabisa, ndiyo sababu ilikuwa rahisi. Na alipouliza kikohozi chenyewe kitoke wapi, bibi akamwambia kitoke kooni, wakati yeye mwenyewe alikijua kilikotoka, alikibeba usiku na mchana wodini, angeweza kukichora. Mtoto akakwaruza koo lake mpaka macho yakawa mekundu.

Mchana ukaenda hivyo. Mkurugenzi hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana Pengo aliona anavyohuzunika. Akaanza kulia bila sauti, akiwa bado juu ya kreti, taa nyekundu ikiwaka. Kila aliporudia aligeuza shingo kidogo kumtazama bibi, kama anayengoja kitu. Bibi Sauti alijua anachongoja. Mkono wake kamwe haukumgusa mara mbili, na wala hakumwambia kwamba kuna kugusa mara mbili. Nje, mama yake Pengo alimfuta mwanawe uso kwa ncha ya kanga, akamkaripia kwa sauti ya chini kwamba amewapotezea watu muda. Bibi Sauti akapita mbele yao na mkoba wake. Aliona aibu, sitaki kumsafisha. Lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa. Mkurugenzi alikuwa ameshasema: basi, tutaipitisha kanda.

Usingizi wake usiku huo ulikuwa mzito. Kichwani mwake mambo yalikuwa mepesi. Mkia umeharibika, kipande kizima kimeharibika, unarudi kichwani. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Watachukua kipande cha kitanda kutoka mwanzo mpaka kwenye kengele. Maneno, kikohozi, na mle ndani, bila wao kujua, mnong'ono.

Alipoitwa kwenda kusikiliza alivaa gauni la kanisani. Fundi wa mitambo, kijana mnene mpole, akamvika hedifoni na kumwonyesha kwenye kompyuta mistari inayopanda na kushuka. Akabonyeza. Mama kwenye picha akaiendea taa. Na sauti ikasema usizime taa, baba hataiona nyumba, nayo ilikuwa sauti ya Pengo.

Bibi Sauti alidhani amekosea faili. Kisha mtoto wa kwenye picha akageuka, na Kasuku akakohoa.

Kilikuwa kimeoshwa. Ule mchakarisho wa kanda aliouzoea miaka yote, uliokuwa kama mvua ya mbali, haukuwepo tena. Alisikia kila kitu. Alisikia kifua kinajaa, alisikia kitu kinachemka chini, alisikia pumzi inayotafutwa na kuingia na filimbi nyembamba mwishoni. Hiyo filimbi aliijua. Ndiyo aliyokuwa akiihesabu usiku pale wodini. Hakuna mtoto anayeweza kuiigiza, hata awe kasuku wa namna gani. Ilikuwepo siku ile ile ya kreti, chini ya kiganja chake, na yeye akamgusa mara mbili.

Kengele zikalia. Zilikuwa kengele mpya, kali, na chini yake hakukuwa na kitu.

Akavua hedifoni. Akauliza maneno ya mtoto wa zamani yako wapi. Fundi akashangaa. Maneno ya Pengo yalikuwa mazuri, alisema, ya nini kuyaacha? Tatizo lilikuwa kikohozi, kwa hiyo amekata kikohozi na kukipachika, huwezi hata kuona mshono. Akasema kanda aliianzishia hapo hapo kwenye kikohozi, ili safari yake moja isipotee. Na ilipopita ikanata kwenye mashine, ikakatika vipande. Akamwonyesha kwenye sahani ya plastiki. Ilikuwa vumbi jeusi na vijitepe kama majani ya chai yaliyotumika.

"Na mwishoni," Bibi Sauti alisema. "Baada ya kikohozi. Chini ya kengele."

"Kulikuwa na kelele kidogo," fundi akajibu. "Usijali, mama, nimeifuta."

Mkurugenzi alikuwa ameingia wakati huo, anatabasamu. Akamkuta amesimama katikati ya chumba na gauni lake la kanisani, ameushika ukingo wa meza. "Yule alikuwa mwanangu," akamwambia. Alisema pole pole, kama anayemtajia mtu njia. Akasema walimwita Kasuku, akasema hakufika Krismasi, akasema sauti yake haipo mahali pengine popote. Mkurugenzi akakaa. Fundi akaitazama ile sahani, kisha akaifunika kwa karatasi, masikini, kana kwamba ni hilo tu lililobaki kufanywa.

"Mbona hukusema, bibi?" mkurugenzi akauliza, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Akatafuta neno la kumpa mama aliyefiwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa sinema, akapata la sinema. "Hakuna aliyewahi kuigiza vile."

"Ndiyo," Bibi Sauti akasema. "Aliigiza." Hilo nalo alilisema vizuri. Kazi ni kazi.

Krismasi filamu ilionyeshwa mchana. Binti wa mwisho wa Bibi Sauti, fundi wa mapazia, alikuja kukaa naye. Huyu alizaliwa baadaye, alimjua kaka yake kwa kumsikia tu, utotoni alikuwa anaigusa televisheni na kusema kaka yumo. Bibi Sauti hakuwa amemwambia lolote. Hakuvuta kiti. Alikaa nyuma, mikono mapajani.

Maneno yalipotoka, binti akageuka. "Mama, huyu si kaka," akasema. Kikohozi kikatoka. Binti akaanza kulia. "Huyu ndiye," akasema. Mama yake akamwambia ndiyo, ndiye, hicho ndicho walichokibakiza. Filamu ilipokwisha walikuja watu watatu wenye suti kuizungumzia, wakasifu rangi nyeusi ilivyo nyeusi, wakamsifu Pengo kwa jina lake la shule, na mmoja wao akasema kikohozi cha binti yule ni cha kuingia kwenye vitabu. Binti akazima sauti.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake Pengo, anatoa salamu za sikukuu na shukrani, nyumba imejaa majirani, mtoto anataka kumsalimia bibi. Kukawa na vurumai ya mikono, kisha pumzi ya mtoto ikawa karibu kabisa na sikio.

"Bibi, shikamoo. Kile kikohozi si changu, nimewaambia lakini hawasikii." Akameza mate. "Lakini maneno ni yangu. Bibi, nimeweza?"

Bibi Sauti alifungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa amelipwa kwa kuufungua kwa wakati wake, na sasa haukutoa kitu. Binti yake alimwona anaileta simu mbele ya uso, anaitazama, kisha anaigonga kwa kidole, mara mbili, taratibu.

"Halo? Bibi?" Sauti ya mtoto ikasikika, ndogo, kisha ikageukia watu wa ndani. "Haongei, mama. Ni kelele tu."

Simu ikakatwa. Bibi Sauti alibaki ameishika, na kwenye televisheni isiyo na sauti wale watu wenye suti walikuwa bado wanafungua na kufunga midomo.